Mfuko wa Kushoto

6 Februari

Kwako Bobini wangu,

Hujambo mwanangu? Kifua je? Na dirisha la hicho chumba chako linafungika, au bado umeliziba kwa gazeti? Mimi hapa sijambo, ila goti la kukanyagia cherehani linaniambia mvua inakuja kabla hata mawingu hayajajua. Jirani wa duka la sabuni anakusalimu sana. Kila akipita anauliza, "Injinia wetu kaandika?" Namjibu, "Kaandika, barua iko ndani," kumbe hakuna cha barua wala nini.

Niambie ukweli, ni masomo au ni uvivu? Dereva wa lori la vitambaa akipiga honi tu, mimi nishafika mlangoni, futi shingoni, pini mdomoni. Juzi akaniambia, "Mama, leo nimeleta majora tu." Nikamwambia, kwani nani kakuuliza.

Koti la kazi linakukaaje? Kile kitambaa cha bluu nilikuwa nimejiwekea mwenyewe nishone gauni, basi ujue. Nimekutilia mfuko mmoja tu wa kalamu kifuani, maana mifuko ya ubavuni inamfanya msichana aonekane kama ameficha mikate. Likikubana kwapani usimpe fundi mwingine alitie mkono. Nirudishie mimi.

Chumba cha pembeni nimeshaanza kukitoa makorokoro. Miaka miwili si mingi. Ukimaliza masomo yako ya umeme ukarudi, mimi nitakuwa huku na cherehani, wewe kule na redio za watu na pasi zao, mlango wa katikati uwe wazi tupigiane kelele. Nikiwaza hivyo hata goti linanyamaza.

Haya, andika.

Ni mimi mama yako


27 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na kifua hakijakohoa tangu nifike. Dirisha linafungika ukilipiga ngumi. Nisamehe kwa kuchelewa, hapa tunaamka na saketi tunalala na saketi. Msalimie jirani, mwambie injinia bado hajajua hata kuwasha taa bila kuulizwa maswali.

Mama, umeme hauonekani, kwa hiyo kazi yetu yote ni kuujua kwa vipimo. Maabara inaongozwa na mama mmoja mfupi, miwani kaifunga kamba shingoni. Wanafunzi wote tunamwita Mama Mita, anajua na wala hajali. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akasema, "Huu ndio ufundi wangu wote, mengine mtayasoma vitabuni." Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema mtu akigusa umeme kwa mikono miwili, unaingia huku unatokea kule, na katikati ya njia upo moyo. Kwa hiyo penye umeme unaopita, mkono wa kulia unafanya kazi na wa kushoto unakaa mfukoni. Hiyo ndiyo sheria ya humo ndani, na ukiivunja unatoka nje.

Sasa mimi sina mfuko wa ubavuni. Nikauweka mkono mgongoni kama niko gwaride, nikawa naulinda mkono badala ya kuangalia kazi. Mita nilikuwa nimeiweka kwenye kupima mkondo. Mkondo unapimwa kwa kukata njia na kuiingiza mita katikati ya waya, upite ndani yake. Mimi nikaibandika moja kwa moja kwenye ncha mbili za umeme, kama vile napima volti. Pah! Fyuzi ya mita ikaungua na darasa zima likageuka kunitazama.

Nilidhani atanifukuza. Alinibakiza baada ya kipindi, akatoa sindano na kipande cha kaki, akanishonea mfuko ubavuni kushoto, palepale nikiwa nimelivaa koti. Mishono yake imepinda mama, ungecheka. Lakini tangu siku hiyo siufikirii tena mkono. Unakwenda mfukoni wenyewe.

Mwanao,
Bobini


15 Machi

Bobini,

Mimi sijambo. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hayo ya umeme na moyo nimekuelewa, na nimeogopa, Mungu akulinde. Lakini tulipofika kwenye sindano hapo hatukuelewana kabisa. Kaki? Juu ya bluu yangu? Mwanamke ana miwani ya kamba, ana chumba kizima cha mita, ana vijana wote hao wa kuwaamrisha, bado hajatosheka mpaka ashike na sindano? Mimi nimekwenda lini kugusa mita yake?

Ulikuwa na mdomo, mwanangu. Ungesema, "Ngoja nimwandikie mama." Lori linakwenda kila wiki. Ningekata mfuko asubuhi, mchana uko kwenye lori, umenyooka, una bitana, na rangi moja na koti. Badala yake umesimama kama sanamu ya dukani, mtu anakudunga dunga ubavuni. Mishono imepinda, ungecheka. Sikucheka.

Kisha unaniambia mkono unakwenda wenyewe, kwa furaha kabisa. Mkono huo mimi ndiye niliyeufundisha kushika kijiko. Mimi ndiye niliyeutoa kwenye droo ya vifungo ulipojifungia vidole. Sasa umepata mwalimu mpya na unakwenda wenyewe. Haya, hongera.

Ufumue huo mfuko. Au usiufumue. Fanya unavyoona, umeshakuwa mtu mzima.

Mama yako aliyekuzaa


2 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hukuniuliza hata habari ya kifua, nikajua umekasirika kweli. Kifua kizima. Nisamehe mama, sikujua mfuko ungekuuma hivyo. Sijaufumua kwa sababu nautumia kila siku, na nikiutoa nitarudi kuweka mkono mgongoni na kuunguza fyuzi za watu. Lakini kila mtu akiuona anajua koti limeshonwa na fundi na mfuko umeshonwa na mtu mwingine.

Nikuambie kitu kimoja tulichojifunza, nilikuwaza nilipokisikia. Tulikuwa tunadhani mita inasoma tu, kama mtu anayechungulia dirishani. Kumbe mita nayo inakula kidogo kile inachokipima. Ukiibandika kwenye saketi dhaifu, volti inashuka kwa sababu tu umeipima, na unaandika jibu la uongo ukidhani ni la kweli. Mita nzuri ni ile inayokula kidogo mno. Mama Mita anasema nusu ya kazi ya vipimo ni kujua wewe mwenyewe umeharibu kiasi gani.

Jumapili hunialika kula kwake. Usikunje uso. Hana mtoto, na nyumba yake imejaa mita za zamani hata juu ya kabati la vyombo. Jumapili iliyopita alipitisha kidole kwenye ukosi wa koti akauliza nani ameshona. Nikasema mama yangu. Akasema, "Huyu mkono wake haukutetemeka." Nilijivuna mpaka chakula kikapoa.

Mwanao,
Bobini


20 Aprili

Bobini,

Kifua chako hakijambo? Haya, nimeuliza.

Kumbe anasifu ukosi. Ukosi anausifu, ubavu anautoboa. Na hana mtoto; pole yake, nasema kwa moyo mweupe kabisa. Lakini mimi ninaye mmoja tu, nikimgawa nitabaki na nini? Jirani kaniuliza una walimu wangapi huko. Nikasema wengi. Akasema, "Mbona kila barua ni huyo mmoja?" Kasema kweli. Sijui mwalimu wako wa hesabu ni mrefu au mfupi, ni mwanamume au mwanamke. Huyu wa mita najua mpaka kamba ya miwani.

Na hilo la mita kula inachokipima, mnalipia ada kujifunza hilo? Njoo dukani kwangu uone bure. Mzungushie mtu futi kiunoni. Palepale anabana tumbo, anakata pumzi, anajifanya mwembamba. Nikikata kitambaa kwa kipimo hicho, siku ya kwanza akikaa mezani kula, zipu inakwenda zake. Ndiyo maana mimi kwanza nampigia mtu kichekesho. Akicheka, tumbo linatoka lenyewe, ndipo nasoma futi. Yule mwenye duka la viatu, hata kichekesho hakimtoshi, inabidi nimwambie, "Mzee, usibane tumbo, hapa hakuna mchumba anayekutazama."

Juni utakuja likizo. Nimeshaagiza meza kwa seremala, ya kuweka chumba cha pembeni, ndefu, yenye droo za waya zako na vikorokoro vyako. Usimwambie mtu, nataka iwe siri mpaka uione. Nishakuambia mwenyewe, basi.

Mama yako, yule wa kwanza, kama bado unahesabu


11 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa kusoma.

Mama, hiyo habari ya kubana tumbo ilinichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Nilimsomea Mama Mita. Alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia. Kesho yake akaieleza darasani, akasema hakuna kitabu kilichoeleza jambo hilo vizuri kuliko fundi cherehani mmoja anayemfahamu. Sasa kila mtu akibandika mita kwenye saketi, wenzake wanapiga kelele, "Usibane tumbo!" Umekuwa maarufu huku, mama.

Kuna jambo jingine, na ninaliandika polepole. Mtihani wa vitendo ni tarehe tisa Juni. Baada ya hapo ni likizo. Mama Mita anataka mwanafunzi mmoja abaki kumsaidia kukagua mita zote za maabara, moja moja, kuzilinganisha na ile inayoaminika, na kurekebisha zinazodanganya. Amenichagua mimi. Anasema nikiifanya vizuri, nikimaliza masomo huenda nikapata kazi ya msaidizi wa maabara.

Sijasema ndiyo. Nimesema nitamwuliza mama. Meza naiwaza kila siku, wallahi.

Mwanao,
Bobini


28 Mei

Bobini,

U mzima? Mimi mzima wa mwili, moyo usiulize.

Barua yako niliiweka chini ya pasi siku nzima, kana kwamba itanyooka. Haikunyooka. Sasa na kichekesho changu kachukua. Niambie nimebakiwa na kitu gani ambacho huyo mama hajakitia mkono. Koti kalitoboa. Jumapili kazichukua. Maneno yangu anachekeshea watu wake, na mimi mwenyewe nimekuwa "fundi mmoja anayemfahamu." Ananifahamu wapi? Tumekutana lini? Sasa anataka na likizo, na baada ya likizo anataka maisha. Seremala kaleta meza jana. Jirani akauliza, "Ya nani?" Nikasema ni ya kukatia vitambaa.

Nina wivu, ndiyo. Mwambie. Auandike ubaoni aufundishe.

Katika kifurushi hiki kuna koti jipya. Bluu ileile, nimezunguka maduka yote mpaka nikaipata. Lina mifuko miwili, kushoto na kulia, ina bitana, mirefu mpaka kiganja kinazama, asije mtu akasema mamako hajui mfuko. Livae siku ya mtihani. Lile lenye kaki mpe dereva huyuhuyu anirudishie, sitaki tena liwe mwilini mwako.

Na jingine. Midomo ya mifuko nimeifunga kwa bandi, mishono ya muda ya uzi mweupe, kama ninavyozishikiza nguo zote zisipoteze umbo. Unajua desturi ya dukani kwangu: bandi naikata mimi, mteja akiwa amesimama mbele ya kioo, ndipo nguo inakuwa yake. Basi usikate hata uzi mmoja. Ukija likizo nitaikata mwenyewe. Usipokuja, ikae hivyohivyo imefungwa, tuone nani mama.

Mama yako


7 Juni

Mwanangu mtiifu,

Hujambo? Mimi leo sijambo kabisa, hata goti. Koti la zamani limefika, na dereva anasema ulilikunja mwenyewe vizuri ukamkabidhi bila neno. Nimefurahi, sikufichi.

Nilikaa nalo mlangoni penye mwanga nikakifumua kile kimfuko cha kaki. Mungu wangu, ile mishono! Mmoja mrefu mmoja mfupi, kama meno ya mtoto. Sasa nakifutia mafuta ya cherehani, na kinafuta vizuri, kwa hilo sina ugomvi nacho. Jirani kaniona kasema nina roho mbaya. Nikamwambia na yeye ana sabuni mbaya.

Mtihani wako ni keshokutwa, barua hii itakukuta umeshafaulu. Nimekuombea. Simama wima, koti lile linataka mabega.

Mama yako wa pekee


16 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwandiko huu si wangu, usishtuke. Mimi nataja maneno, Mama Mita anayaandika, na nimemwapisha asiongeze wala asipunguze.

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo ili usikimbilie chini ya ukurasa. Siku ya mtihani nilipata ajali, umeme ulinipiga. Vidole vya kulia vimeungua nchani, na kiganja cha kushoto kimeungua zaidi kidogo, ndiyo sababu siwezi kushika kalamu. Nilianguka lakini sikuvunjika. Mama Mita ndiye aliyewahi swichi kubwa ya ukutani. Daktari amesikiliza moyo, kasema unakwenda sawasawa.

Niliteleza tu, mama. Ndivyo ilivyokuwa.

Naomba usijisumbue kuja. Nalala kwa Mama Mita mpaka vidonda vikauke. Ananilisha kwa kijiko, na mimi namwambia nina mama anayelisha haraka kuliko yeye. Mtihani nitaurudia Agosti, kwa hiyo likizo ndiyo basi tena. Usikasirike.

Anauliza kama nimemaliza. Nimemaliza.

Mwanao Bobini, kwa mkono wa mwingine


23 Juni

Bobini,

Sijui nianze kukuuliza nini. Moyo unakwendaje? Mwambie daktari ausikilize tena, na safari hii asikilize na mgongoni.

Nilifungua bahasha nikaona mwandiko ule. Nilijua ni barua ya kuniambia sina mtoto tena. Nikakaa chini sakafuni, katikati ya vitambaa, mteja akiwa na gauni nusu. Nikasoma mpaka mwisho nikalia kwa kushukuru. Kisha nikarudi pale palipoandikwa "ananilisha kwa kijiko," na Mungu anisamehe, machozi hayajakauka usoni, nikaona wivu. Juu ya kijiko! Mtoto kanusurika kufa na mimi nahesabu nani anashika kijiko.

Nilifunga mzigo nije. Nikafika mpaka kituoni, nikarudi. Nitabisha mlango wa nani? Niseme, "Hodi, nimekuja kumwona mwanangu"? Anikaribishe ndani, anioneshe kiti, halafu anioneshe mtoto wangu mwenyewe kama mgeni anavyooneshwa nyumba? Niliona siwezi. Nimekaa hapa nashona sare za watu na kujidunga vidole.

Na hilo la kuteleza sijalielewa. Wewe unateleza lini, wewe uliyekuwa unatembea juu ya ukuta wa jirani? Umeungua kulia na kushoto, maana yake umeingia huku ukatokea kule, uliniandikia mwenyewe. Mkono wa kushoto ulikuwa wapi? Ulisema unakwenda wenyewe mfukoni. Au mfuko wangu haukutosha?

Nitumie koti. Palipoungua nitabadilisha kitambaa. Hiyo bado ni kazi yangu, nadhani.

Mama yako


4 Julai

Mama,

Shikamoo. Huu sasa ni mwandiko wangu, ona ulivyolegea. Mkono wa kulia umepona kiasi cha kushika kalamu, wa kushoto bado una bandeji lakini vidole vinacheza. Moyo wamesikiliza na mgongoni, nimewaambia ni agizo lako.

Koti hili hapa. Limeungua kwenye mkono wa kushoto, karibu na kifundo. Bandi zako sijakata hata moja. Uliniambia utazikata mwenyewe, na nilitaka ujue kuwa nilikusikia. Nilipoingia kwenye mtihani wote waliligeukia, mmoja akaniuliza nimelinunua wapi. Nilisimama wima mama, mabega kabisa.

Hayo ya kuteleza tuyaache. Yamepita.

Mama Mita anakusalimu. Sikutaka kuiandika hiyo kwa sababu nakujua, ila kasimama mlangoni anasubiri nimalize.

Mwanao,
Bobini


14 Julai

Mwanangu Bobini,

Hujambo? Kiganja kinakunjika? Usikilazimishe. Mimi nipo.

Hukuteleza.

Nimelitandaza koti mezani, ile meza yako. Bandi ya kulia imenyooka kama nilivyoipiga. Ya kushoto imevutwa. Uzi umekaza, kitambaa kimejikunja kuzunguka matundu, na katikati kimesukumwa kwenda ndani. Nimeshona miaka yote hii, najua kitambaa kinakuwaje mtu akisukuma vidole mahali palipofungwa. Uliupeleka mkono mfukoni kama ulivyofundishwa, ukakuta pamefungwa, mkono ukatafuta pengine pa kukaa, ukashika chuma. Aliyefunga ni mimi. Na nilifunga nikijua kabisa mfuko ule ni wa nini, maana uliniandikia tangu mwezi wa pili, na nilikuelewa, na niliogopa. Lakini nilipokuwa napiga ile bandi nilikuwa namwaza huyo mama tu. Moyo wako sikuuwaza.

Na wewe ukasema uliteleza, na yeye akaandika. Alijua, sivyo? Yeye ndiye aliyekuvua koti, ameuona ule uzi mweupe kabla yangu. Akashika kalamu akaandika "niliteleza" kwa mwandiko wake ulionyooka, wala hakuongeza neno. Mstari mmoja tu angeniongezea pale chini, angekuchukua mzima mzima, na mimi nisingekuwa na mdomo wa kukudai. Hakuandika. Nimeuzunguka mwandiko ule wiki nzima nikitafuta pa kumchukia, sijapaona.

Bandi nimezikata. Hapakuwa na mtu mbele ya kioo, nikalivaa mwenyewe, likanibana, nikakata hivyohivyo. Mkono wa koti ulioungua nimeubadilisha.

Kile kimfuko cha kaki nimekifua kwa sabuni ya jirani, nikafua tena, mafuta yakatoka karibu yote. Nimekirudisha kwenye koti la zamani, mahali pake. Matundu ya sindano yake yalikuwa bado yanaonekana kwenye bluu, na mimi nimepita kwenye hayohayo, mmoja mrefu mmoja mfupi. Mkono wangu ulikuwa unakataa kila mshono. Nimeulazimisha. Ukiutazama mfuko huo huwezi kujua kuwa si yeye aliyeushona.

Baki umsaidie mita zake, na Agosti urudie mtihani wako ukiwa na koti hilo. Meza naikatia vitambaa, ila jirani nimeshamwambia ni ya nani. Ukirudi utaikuta. Ukibaki huko, nitajifunza kukupigia kelele kwa barua.

Jumamosi nakuja na lori. Dereva nimemwambia aondoe majora kiti cha mbele. Nitafika nitabisha hodi, anikaribishe, anioneshe kiti, nitakaa. Nimebeba makoti yako mawili, na kitambaa kingine cha bluu, na futi.

Usidhani wivu umeniisha. Upo, nakuja nao. Lakini nataka kumshonea huyo mama koti, lenye mfuko kushoto, mdomo wazi. Mwambie nitampima mwenyewe, mabega, kifua na kiuno. Na mwambie asibane tumbo.

Mama yako